Udongo mweusi Nyamasaria: nimwage lori la mwekundu au nipime kwanza?

BintiKano
Habari zenu wadau. Nimehamia Nyamasaria, Kisumu, na nyuma ya nyumba nina nafasi kama mita 6 kwa 4. Nataka sukuma, managu na mrenda vya kutumia nyumbani. Nilijaribu miche 10 ya sukuma kabla ya Krismasi. Ya upande wa ukuta iligeuka njano, ya upande wa chini ikaoza mizizi mvua iliponyesha. Udongo ni ule mweusi wetu: ukikauka unapasuka hadi kidole kinaingia, ukilowa unakuvua gambuti. Jirani ananishauri ninunue lori la udongo mwekundu nimwage juu, yaishe. Pesa ya lori inauma. Nianzie wapi?

JembeButu
Lori wacha kwanza. Muulize mwenye lori amechota wapi. Wengi huchota chini kabisa machimboni, unauziwa rangi tu. Na udongo mwekundu wa huku magharibi, Vihiga kwa mfano, mara nyingi una asidi na fosforasi kidogo. Huo wako mweusi haukosi chakula. Unakosa hewa, maana maji yakiingia hayatoki.

Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Ujazo wa pili ndio wa kupima: kijiti ndani, angalia kila saa. Yakishuka sentimita 2 au 3 kwa saa, uko sawa.

MkulimaWaBalkoni
Tia jivu la jikoni dada, njano itaisha. Mimi hutia kila mahali.

MwalimuMstaafu
Ngoja kidogo na hilo jivu. Binti, yaliyogeuka njano ni majani ya chini au machanga ya juu?

BintiKano
Machanga, mwalimu. Mishipa ilibaki kijani.

MwalimuMstaafu
Basi si samadi iliyopungua. Nitrojeni ikikosekana, majani mazee ya chini hutangulia. Hapo mmea unakosa madini ya chuma, na ukutani mara nyingi chanzo ni simenti. Mafundi humwaga masalio palepale na kufukia. Simenti huondoa asidi kupita kiasi, chuma kipo lakini mizizi haikipati. Jivu hufanya kazi ileile ya chokaa, kwa hiyo ungeongeza ugonjwa. Linafaa kwa wenye udongo wa asidi, na hao pia wapime kwanza. Mboga nyingi hupenda pH, yaani kipimo cha asidi, ya 6 hadi 7.

Ukitaka hakika, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, hupima. Chukua udongo sehemu kama 8 kwa kuzungukazunguka, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, peleka nusu kilo. Wa ukutani uwe mfuko wake, usiuchanganye na mwingine.

NakuruMajivu
Sisi Nakuru shida ni kinyume, udongo wa volkano, maji yanapita kama chujioni. Jaribu chupa ya jamu: udongo theluthi moja, maji, sabuni kidogo ya unga, tikisa, weka mezani usiguse. Mchanga hukaa chini dakika ya kwanza, tope laini baada ya saa chache, udongo wa mfinyanzi hata kesho yake. Wangu ulikuwa mchanga karibu wote, watoto wakacheka.

BintiKano
Nimerudi. Chupani mfinyanzi ni zaidi ya nusu. Shimo nilijaza mara ya pili saa mbili asubuhi. Saa tisa mchana kijiti kilikuwa kimeonyesha sentimita 4 tu. Ukutani jembe liligonga vipande vya matofali na bonge la simenti kama kichwa cha mtoto. Mwalimu, uliiona kutoka huko uliko?

Nichanganye mchanga basi?

JembeButu
La! Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unakupa tofali. Inua matuta sentimita 30, chanja mfereji pembeni, changanya samadi iliyoiva na majani ya alizeti mwitu, yale ya maua ya njano barabarani; yanaoza upesi. Usichimbe udongo ukiwa umelowa, utaukanda. Ukutani panda kwenye magunia.

BintiKano
Sawa. Mfuko wa ukutani nautuma Jumatatu, magunia yaanze huku nikingoja majibu. Jirani bado ana namba ya mwenye lori mkononi. Nimemwambia nanunua samadi ya ng'ombe wake, na ameanza kunitajia bei.