Multimita ya mshale haifiki sifuri kwenye Rx1: betri, usafi, rezista, au niachane nayo?

MshaleMzee
Wakuu, salamu. Nina multimita ya zamani ya mshale, ile yenye kasha la bakelaiti na kioo chembamba chini ya skeli. Volti inasoma vizuri, DC na AC. Inasumbua kwenye ukinzani tu. Nikiweka Rx100 au Rx1k (renji za omu, namba ya skeli unaizidisha mara 100 au mara 1,000) na kugusanisha nyaya, mshale unakwenda sifuri bila ubishi. Rx1 nazungusha nobu ya sifuri mpaka mwisho na bado unagoma kwenye omu 2 hivi. Betri ni ya volti 1.5, nikiipima nje inatoa 1.48. Katikati ya skeli pameandikwa 20.

Naona njia nne: betri mpya, kusafisha vibanio na swichi, kubadilisha rezista za ndani, au kuachana na upande wa omu na kupima kwa njia nyingine. Ipi inatangulia, na kwa sababu gani?

fundi_lehemu
Betri, mkuu. Hiyo 1.48 isikudanganye, umeipima ikiwa imepumzika. Ile 20 ya katikati ndiyo ukinzani wa ndani wa mita yako kwenye Rx1. Ukigusanisha nyaya, betri inatakiwa itoe 1.5 ÷ 20, yaani miliampea 75. Kwenye Rx100 ukinzani wa ndani ni omu 2,000, mkondo haufiki hata miliampea moja, na betri iliyochoka inaumudu huo. Ipime ikiwa ndani ya mita, Rx1, nyaya zimegusana. Ikiporomoka kuelekea 1.3, itoe.

Na usiweke ya kuchaji yenye volti 1.2. Kwenye mita nyingi za zamani nobu haina nafasi ya kufidia upungufu wote huo.

Sumaku77
Mimi ningechagua njia ya nne bila kufikiri. Mita ya dijitali ya kawaida inasoma omu kwa usahihi ambao skeli ya mshale haiwezi, hasa kule kushoto ambako namba zimebanana kama abiria wa daladala. Ya zamani ibaki na volti.

Bi_Saketi
Sumaku77, kwa usahihi umeshinda, sibishi. Lakini Rx1 ya mshale inapitisha mkondo mkubwa kuliko dijitali nyingi zinapopima ukinzani, kwa hiyo kiungo kibovu cha swichi au relei kinajitokeza. Na ukizungusha potenshiometa (rezista ya kuzungusha) yenye vumbi, mshale unaonyesha mruko ambao kwenye tarakimu ungekupita. Mwenye nazo zote mbili asitupe hata moja.

Kwa MshaleMzee: betri ni nusu ya habari. Omu 2 za ziada kwenye saketi ya omu 20 ni asilimia 10, mshale lazima ulegee. Omu hizo hizo kwenye 2,000 ni asilimia 0.1, jicho halioni. Kwa hiyo dalili yako inasema kuna ukinzani mdogo umejificha njiani, ila haisemi uko wapi. Unaweza kuwa ndani ya betri, kwenye vibanio vyake, kwenye plagi za nyaya, au kwenye swichi ya kuzungusha.

Usisafishe kwa kubahatisha. Weka Rx1, gusanisha nyaya, kisha chukua mita ya pili kwenye milivolti na upime juu ya kila kiungo: kutoka ncha ya betri hadi kibanio, kutoka kibanio hadi waya wake, kutoka plagi hadi ncha ya waya wa kupimia. Kwa mkondo wa miliampea 75, kila omu moja inakupa milivolti 75. Kiungo kizima kinakupa chache tu.

Ukikuta ukoga mweupe uliovuja kwenye betri ya alkali, futa kwa siki kidogo, halafu alkoholi, acha ikauke. Swichi isiguswe na msasa, utakwangua madini yaliyopakwa juu. Na dawa ya kupuliza isifike kwenye koili ya mshale.

KilaOmu
Kabla hamjafika mbali: skrubu ya mshale iko sawa? Nyaya zikiwa zimeachana, mshale ukae juu ya alama ya kushoto kabisa. Hiyo ndiyo inatangulia, nobu ya sifuri inafuata.

Kuhusu rezista, kufika sifuri si ushahidi kwamba mita ni nzima. Nobu inaweza kuficha ugonjwa. Ukishapata sifuri, pima rezista ya omu 20 yenye uvumilivu (kosa linaloruhusiwa) wa asilimia 1. Mshale ukae katikati kabisa. Na hapa wengi wanachanganyikiwa: ukinzani wa ndani ukipanda, mita inasoma *chini* ya ukweli. Ndani pakiwa 25, rezista yako ya 20 itaonekana kama 16, kwa kuwa mita inalinganisha tu cha nje na cha ndani.

Sumaku77
Sawa, nimewaelewa. Lakini asiye na mita ya pili? Akiunganisha rezista anayoijua na asiyoijua kwa mfululizo kwenye betri, alinganishe volti zao, voltimita ya mshale si itavuta mkondo na kuharibu hesabu?

KilaOmu
Inavuta, ndiyo, na kila volti itasomeka pungufu. Ila ukitumia renji ile ile kwa rezista zote mbili, upungufu ni wa uwiano mmoja kwa zote, na ukigawanya unajifuta. Betri tu isiwe imechoka. Kwa mtu wa volti nzima na omu mbovu, hiyo ndiyo njia ya nne ninayoikubali.

MshaleMzee
Nimerudi. Betri mpya haikubadilisha kitu cha maana. Kibanio cha upande hasi kilikuwa na milivolti 90, baada ya siki na alkoholi zimebaki 4. Sasa sifuri inafika, nobu ikiwa karibu na mwisho. Lakini rezista ya omu 20 inasomeka 17.

KilaOmu
Basi una magonjwa mawili. 20 × 20 ÷ 17 ni kama 23.5, huo ndio ukinzani wako wa ndani. Mtu aliwahi kupima volti swichi ikiwa kwenye omu, na rezista ya Rx1 ndiyo huungua kwanza kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote. Ifuate kutoka kwenye swichi, fungua mguu mmoja, ipime peke yake. Thamani ya kununua ni ile iliyoandikwa juu yake au kwenye mchoro. Usiikisie kutokana na skeli, maana ile 20 imejumlisha na betri na nyaya.

fundi_lehemu
Lehemu haraka, mkuu. Swichi za zamani, vibao vinavyoshikilia miguu yake havipendi joto.

Bi_Saketi
Ukishaweka mpya, usiishie kwenye 20. Pima na ya omu 5 na ya 100. Katikati ikikaa sawa na pembeni ikakosea, mshale unakwama au haujasawazika, na hapo hakuna rezista itakayosaidia.