Printa inakwama kwenye PDF za kuskani

Dada Karani, Kisumu: Hamjambo wakubwa. Niko ofisi ya wakili, Barabara ya Oginga Odinga. Barua za Word zinatoka mbio, lakini PDF ya hati za ardhi tulizoskani inasumbua: printa inafikiri weee, kisha inatoa karatasi moja inayosema memori imejaa. Kesho asubuhi hati hizi lazima zifike kortini, na mteja ni mjane. Nisaidieni.

Fundi, Kondele: Pole dada. Mliskani kwa rangi, dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi)? Ukurasa mmoja wa A4 hivyo, ukifunguliwa ndani ya printa, ni kama MB 100. Kwa dpi 300 unashuka hadi robo, MB 26 hivi. Na ukiweka kijivu ni karibu MB 9 tu. Barua hazisumbui kwa sababu herufi ni data kidogo sana. Skani upya kwa kijivu, dpi 300. Usichague nyeusi na nyeupe tupu, muhuri wa buluu unaweza kupotea.

Wa Nakuru: Kama karatasi zenyewe haziko karibu, fungua kwa Adobe Reader, uingie mipangilio ya ziada, uchape kama picha. Kazi nzito itafanywa na kompyuta. Tuma kurasa chache chache. Halafu kama draiva, ile programu ya kompyuta inayoendesha printa, ni ya PostScript, jaribu ya PCL; hizo ni lugha mbili za kuongea na printa.

Dada Karani, Kisumu: Kijivu 300 imekubali! Muhuri na sahihi zinasomeka. Ramani moja tu ndiyo bado, naijaribu kama picha sasa hivi. Asanteni sana.