Nina miaka 51, nyonga imesagika: nibadilishe sasa au nivumilie?

Mkimbiaji wa Alfajiri
Wakuu, naombeni uzoefu wenu. Nimekimbia tangu ujana na sasa nyonga ya kulia imekwisha. Kwenye eksirei gegedu halipo tena, mfupa umekalia mfupa. Nimepunguza uzito, nimefanya fiziotherapia miezi minane, sindano nimechomwa. Usiku nikigeuka nashtuka kwa maumivu, na soksi ya kulia navalishwa na mke wangu. Daktari wa kwanza kasema nivumilie hadi 60 kwa sababu nyonga bandia huchakaa. Wa pili haoni sababu ya kusubiri. Nimsikilize nani? Na nitakimbia tena?

Mama wa Nyonga Mbili
Pole sana kaka. Hilo la soksi limenigusa, maana hata mimi ndilo lililonipeleka kwa daktari. Nilibadilisha ya kushoto nikiwa na miaka 54, ya kulia miaka miwili baadaye.

Daktari wako wa kwanza hakudanganyi, ila anaongelea plastiki ya zamani. Kikombe cha nyonga bandia, kile kinachopokea kichwa cha paja, huwekwa bitana ya plastiki, na ile ya zamani ilikuwa ikilika taratibu. Vumbi lake liliufanya mwili uanze kuula mfupa wa pembeni, kiungo kikalegea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, nayo hulika kidogo mno, hasa ikikutana na kichwa cha kauri. Jarida la kitabibu la Lancet, mwaka 2019, lilionyesha kuwa nyonga kama 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, na hizo ziliwekwa enzi za vifaa vya zamani.

Lakini sitaki kukupamba. Jarida hilohilo, mwaka 2017, lilionyesha kuwa mwanamume anayefanyiwa mapema katika miaka ya hamsini anaweza kufikia uwezekano wa asilimia 35 hivi wa kurudia upasuaji maishani mwake. Kwa waliopita 70 ni kama asilimia 5. Ingia ukijua hilo.

Mimi nilichomwa ganzi ya mgongoni. Asubuhi upasuaji, jioni nimesimama na kigari cha kutembelea, natetemeka, mtaalamu wa fiziotherapia kanishika kiunoni. Kidonda kiliuma kwelikweli, ila yale maumivu ya ndani, ya mfupa, yalikuwa yameondoka. Nilisimama pale nayatafuta, siyaoni. Wiki ya saba nilivaa soksi mwenyewe, nikabaki nimekaa kitandani nalia.

Fizio
Kuhusu kukimbia: kutembea milimani, kuogelea, baiskeli, kucheza dansi, hayo wagonjwa wangu wanarudia vizuri. Mbio ndefu za barabarani madaktari bado wanatofautiana, muulize wako waziwazi.

Utasikia habari za Andy Murray, aliyefanyiwa nyonga Januari 2019 na Oktoba akachukua ubingwa wa tenisi Antwerp. Yake ilikuwa ya kuvika kichwa cha paja kofia ya chuma badala ya kukikata. Hufaa zaidi wanaume wenye mifupa mikubwa, na chuma kikisuguana na chuma huweza kumwaga madini kwenye damu. Wanawake wengi iliwaharibikia. Usiichague kwa sababu ya jina la mtu.

Roboti nayo humsaidia daktari kuweka kikombe kwa usahihi, basi. Kabla ya kuuliza kama ana roboti, muulize anafanya nyonga ngapi kwa mwaka. Na meno mabovu yatibiwe mapema, bakteria wakifika kwenye kiungo kipya ni balaa.

Mzee Taratibu
Nilisubiri miaka saba. Paja lilinyauka, goti la upande wa pili likaharibika kwa kubeba mzigo wote. Nyonga ilipona, ila nguvu za lile paja hazijarudi zote hadi leo.

Mkimbiaji wa Alfajiri
Ahsanteni sana, ndugu zangu. Mzee, maneno yako nimeyasoma mara tatu, kwa sababu juzi nilijipima mapaja kwa utepe: la kulia limepungua sentimita tatu. Jumanne narudi kwa daktari wa pili. Nitamuuliza anafanya ngapi kwa mwaka na bitana yake ni ya aina gani. Mbio ndefu nitamuuliza mwishoni, na akikataa, baiskeli ninayo.