Mrejesho: Mihuri ya maduka ya vitabu

Ndugu zangu, niliwaomba picha za mihuri ya maduka iliyogongwa ndani ya vitabu vya zamani, tuiingize kwenye kanzidata ya historia ya biashara ya vitabu Afrika Mashariki. Ahsanteni sana, mmenipa kazi ya furaha.

Iliyonigusa zaidi ni ya kitabu cha East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948. Ukurasa wa jina umetaja Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, lakini muhuri wa zambarau uliofifia una sanduku la posta la Tanga, na pembeni mtu kaandika kwa penseli 3/50, yaani shilingi tatu na senti hamsini. Hapo ndipo nilipojua kitabu kilinunuliwa wapi na kwa shilingi ngapi! Wachapishaji wanajulikana, Tanzania Publishing House ya 1966 haitasahaulika. Muuzaji wa mjini aliyefunga duka kabakiwa na muhuri tu.

Dada uliyefungua sanduku la marehemu baba yako ukapiga picha kitabu kimoja kimoja, Mungu akubariki.

Wenye picha zaidi, tafadhali pigeni na ukurasa wenye mwaka wa chapa.