Mmemfukuza mwandishi kwa sababu askari wake aliogopa

Wakuu salaam, na shikamooni wote mliotutangulia.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikidhani hasira itapoa. Haijapoa. Moda, naomba uzi huu usiuhamishie jukwaa la burudani, maana kwangu hili si burudani.

Kuna kundi la wasomaji wa hadithi huko WhatsApp, sitalitaja, na baadhi yenu mmo. Kila Jumanne na Ijumaa kijana mmoja alikuwa anatuma humo sehemu mpya ya hadithi ya vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Bure kabisa, hakumdai mtu hata mia. Mhusika wake ni mgambo aliyetolewa kijijini Usukumani mwishoni mwa 1978, akapigishwa kwata ya haraka haraka, akapelekwa mbele. Sehemu za mwanzo mlishangilia wote. Daraja la Kyaka limelipuliwa, Mwalimu Nyerere yuko redioni anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, vijana wanapanda malori wakiimba. Mlikuwa mnagombania kuweka komenti ya kwanza.

Sehemu ya kumi na nne wakafika Lukaya. Hapo ndipo mlipomgeuka.

Kwa asiyepajua, Lukaya iko kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na barabara yenyewe inakatiza kinamasi cha mafunjo. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu ya 201, ambayo ilikuwa imejaa mgambo, ilikumbana hapo na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wana vifaru na wana maroketi. Wengi wa vijana wetu hawakuwa wamewahi kupigwa kwa kitu kama kile. Brigedi ikatawanyika. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi ya 208 ikatokea ubavuni mwa adui, waliotawanyika nao wakajikusanya na kurudi, Lukaya ikachukuliwa, na mwezi uliofuata, tarehe 11 Aprili, jeshi letu likawa ndani ya Kampala. Haya yamo kwenye vitabu vya historia ya vita ile. Si siri, na si tusi kwa jeshi. Watu walewale waliotawanyika usiku ndio waliorudi asubuhi.

Mwandishi alimweka kijana wake ndani ya yale mafunjo. Maji yamemfika kiunoni, bunduki kaishikilia juu ya kichwa, amejikojolea, anamwita mama yake kwa Kisukuma kwa sauti ya kunong'ona. Sehemu nzima hapigi hata risasi moja.

Komenti zenu nimezihifadhi zote. "JWTZ haikimbii." "Huyu ni askari au mwali?" "Tuletee mapigano, machozi peleka kwenye tamthilia." Mmoja, mtu mzima na mvi zake, kaandika kwamba mwandishi amelipwa alichafue jeshi. Kalipwa na nani? Kijana anaandika kwenye simu iliyopasuka kioo, kila akichelewa anaomba radhi kwamba umeme ulikatika!

Niwaambie kwa nini inaniuma hivi.

Baba yangu alikuwa mgambo, na alikwenda. Mpaka nafikisha miaka arobaini nilikuwa najua mambo matatu tu kuhusu vita vyake: walitembea sana kwa miguu, alirudi na kikohozi, na hataki fataki zipigwe karibu na nyumba yake mwaka mpya. Watu wakija nyumbani humuuliza swali lilelile, "Mzee, uliua wangapi?" Ananyanyuka, anakwenda kuangalia ng'ombe.

Macho yake siku hizi ni mazito, kwa hiyo ile hadithi nilikuwa namsomea mimi, jioni baada ya chakula. Ilipofika ile sehemu nilisita, nikataka kuiruka. Nikaisoma. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi; hakunywa, wala hakukiweka chini. Nilipomaliza akasema, "Rudia hapo kwenye maji." Nikarudia. Akasema, "Huyu kaandika maji ya baridi. Yalikuwa ya vuguvugu." Akanyamaza. Nilidhani ndiyo basi. Kisha akataja jina la mtu aliyemshika mkanda kwa nyuma mle ndani ya mafunjo, usiku kucha, wasipoteane. Jina hilo sijawahi kulisikia maisha yangu yote. Nikamtazama mama, naye nikaona ndiyo kwanza analisikia. Walioana 1981.

Kazi hiyo imefanywa na hadithi ya bure iliyoandikwa kwenye simu mbovu. Swali lenu la "uliua wangapi" halijawahi kumfungua mzee yule hata mara moja.

Halafu mnasema mwandishi hakuwepo, hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa. Ni kweli. Lakini aliwauliza waliokuwepo, hilo mtu anayesoma kwa makini analiona. Kakosea joto la maji, na aliyekuwepo kamsahihisha bila kumtukana. Nyie mnaoapa kwamba hakuna aliyeogopa, mlikuwa brigedi ipi?

Sehemu ya kumi na sita ndiyo iliyommaliza. Kijana anakumbuka Masaka. Wanajeshi wa Amin walikuwa wameingia Kagera wakaua raia, wakapora, wakaswaga ng'ombe kuvuka nao mpaka, na vijana wetu waliyaona yale kwa macho yao walipopita. Mji wa Masaka ulipigwa mizinga na kubomolewa Februari 1979, na kisasi kilikuwemo. Kwenye hadithi, kijana anaingia nyumba isiyo na paa, anakuta sufuria ya matoke mafigani, bado ya moto. Ana njaa ya siku mbili. Anakaa chini karibu na ile sufuria na mkono haumtii. Hakuna mahali mwandishi anapomhukumu mtu. Nyie mkadai ifutwe, mkasema anawatukana mashujaa. Wasimamizi wa kundi wakaifuta kweli.

Ijumaa iliyofuata hakutuma kitu. Jumanne akaandika mstari mmoja, "Asanteni kwa kusoma," akajitoa. Haikupita hata saa moja, kuna mtu kauliza nani ana hadithi ya makomando.

Kila tarehe 25 Julai mnabandika picha za mnara na kuandika "tunawakumbuka mashujaa wetu". Pale Kaboya, Muleba, wamelala vijana wa miaka ishirini na kitu. Waliogopa. Walikuwa na mama zao. Wengine walikuwa wameshika jembe mwezi mmoja tu kabla ya kushika bunduki. Mnamkumbuka nani hasa, ikiwa mtu wa namna hiyo mkimkuta kwenye maandishi mnamzomea?

Wasimamizi wa lile kundi, mnasoma humu, nawajua. Rudisheni ile sehemu mliyoifuta. Na mliomwita msaliti mwombeni radhi palepale mlipomwitia, mbele ya watu walewale.

Mwandishi, kama na wewe unapita humu, njoo faraghani. Sina hela ya kukulipa. Lakini kila Ijumaa baada ya chakula mzee anavuta kiti chake karibu na taa, ananiuliza kama yule kijana ameshatoka kwenye maji, nami sina cha kumsomea.