Breki ya mbele inazama nikishuka mlima: naomba hatua za kubadilisha mafuta ya breki nyumbani

KijanaWaSoni:
Habari za jioni wakuu. Pikipiki yangu ni cc 150, mbele diski, nyuma dramu. Asubuhi leva ya mbele iko vizuri kabisa. Shida ni nikishuka Lushoto kwenda Mombo nikiwa na abiria na mzigo: kona zikishakuwa nyingi leva inaanza kuzama, hadi inagusa mkono wa usukani. Nikisimama ikapoa, inarudi kama kawaida. Pedi ni nene bado, sijaona panapovuja. Mafuta ya breki yana rangi ya kahawia na hayajawahi kubadilishwa. Naweza kubadilisha mwenyewe? Niweke DOT 3 au DOT 4?

SpanaMkononi:
Mkuu, simamisha kwanza safari za mlimani hadi umalize hiyo kazi. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo. Kalipa (kile kifaa kinachobana diski kwa pedi) ikipata moto, yanachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabanyiki lakini mvuke unabanyika, kwa hiyo unaminya leva na nguvu haifiki kwenye pedi. Yakipoa, mvuke unapotea na breki inarudi kana kwamba haikuwa na tatizo.

DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 nyuzi 230. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, DOT 3 inashuka hadi 140 na DOT 4 hadi 155. Angalia mfuniko wa kikopo cha mafuta pale kwenye usukani, umeandikwa aina. Ukiandikwa DOT 4, usishuke kwenda DOT 3. Ukiandikwa DOT 3, DOT 4 inaingia bila shida, na kwa njia yako ningeweka hiyo. DOT 5 tupu usiiguse, ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi. DOT 5.1 ni jamii moja na 3 na 4.

Nunua kichupa kidogo kilichofungwa, mililita 200 zinatosha mbele na zinabaki. Tafuta pia spana ya ringi (mara nyingi namba 8, pima kwanza), mpira mwembamba unaoona ndani kama ule wa dripu, bomba la sindano, chupa tupu na matambara. Ndoo ya maji iwe karibu, maana mafuta haya yanakula rangi. Funika tangi, na tone likidondoka limwagie maji papo hapo, usilifute kwa tambara kavu.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, geuza usukani hadi kikopo kilale sawa. Futa vumbi juu ya mfuniko kabla ya kufungua. Zile skrubu mbili ni laini na zimekaa muda: tumia bisibisi nyota inayojaa kichwa, gonga kidogo juu yake, kisha kandamiza huku unazungusha. Ukiharibu kichwa, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba, futa tope chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, jaza mapya. Usiguse leva wakati kikopo ni kitupu.

Sasa nenda kwenye kalipa. Toa kofia ya nipo (kale kaskrubu kenye tundu) ya kutolea upepo, vika spana kwanza, ndipo uchomeke mpira. Ncha ya pili izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Minya leva taratibu, ishikilie. Legeza nipo robo mzunguko. Leva itashuka na mafuta yatatoka. Funga nipo leva ikiwa bado imeminywa, kisha iachie. Ukiachia kabla ya kufunga, unavuta upepo ndani. Rudia. Kila ukiminya mara nne au tano tazama kikopo, kisishuke chini ya alama ya LOWER, kwa sababu tundu la chini likionekana tu umeingiza upepo na unaanza upya. Endelea hadi yanayotoka yawe meupe kama yanayoingia, bila vipovu.

Nipo usiikaze kwa nguvu za nati ya gurudumu. Ina tundu katikati, inakatika kirahisi.

Dereva_Mtulivu:
Mimi naona unazungusha. Si aongezee tu hadi ijae? Kikopo kikipungua unajaza, mbona magari tunafanya hivyo.

SpanaMkononi:
Hapana ndugu yangu. Kuongeza juu hakugusi yaliyo kwenye kalipa, na hayo ndiyo yanayochemka. Halafu kikopo kikishuka taratibu, mara nyingi ni pedi zimelika: pistoni ya kalipa inayosukuma pedi imetoka nje zaidi na mafuta yameifuata. Ukijaza hadi juu leo, siku ya kuweka pedi mpya utarudisha pistoni na mafuta yatafurika kwenye tangi. Kikopo kinaposhuka, kagua pedi kwanza, kisha tafuta panapovuja.

MamaGereji:
Nakubaliana na SpanaMkononi, ila mafuta mapya peke yake hayatoshi kama kuna kinachopasha hiyo kalipa. Mwanangu, inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono. Likisimama haraka, pedi zinaburuta, na utachemsha hata DOT 4 mpya.

Sababu ninazoziona sana ni tatu. Kwanza pini za kalipa zimekauka: kalipa inatakiwa iteleze kwa mkono. Zitoe, safisha, paka grisi ya silikoni kidogo; grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake. Pili pistoni ina kutu au tope. Isafishe kwa mswaki na maji ya sabuni kabla ya kuirudisha ndani. Petroli isikaribie mipira.

Ya tatu wengi hawaijui. Chini ya kikopo kuna matundu mawili, moja dogo kama ncha ya sindano. Hilo ndilo linaruhusu mafuta yaliyotanuka kwa joto kurudi juu. Likizibwa na tope, au leva ya breki isiyo ya asili ikawa inasukuma pistoni ya masta (silinda iliyo chini ya kikopo) muda wote, mafuta hayana pa kurudi na breki inajikaza yenyewe. Kwa hiyo leva lazima icheze milimita chache kabla ya kuanza kusukuma. Isipocheza, usiitumie.

KijanaWaSoni:
Shikamoo mama, na ahsante mkuu SpanaMkononi. Nimerudi na mrejesho. Pini moja ilikuwa imeganda kabisa. Nimeisafisha, nimebadilisha mafuta, gurudumu linazunguka huru. Leva ilibaki laini kidogo, nikaifunga kwa mpira wa tyubu usiku kucha, asubuhi ikawa ngumu. Ila kuna jipya: nikiiminya na kuishikilia, inashuka polepole yenyewe. Hakuna tone nje.

MamaGereji:
Marahaba. Hiyo ya kushuka polepole si upepo tena. Leva yenye upepo ni laini tangu unapoiminya, na ukipampu inapanda. Inayozama ukiwa umeishikilia, bila kuvuja nje, mipira ya pistoni ndani ya masta silinda imechoka na mafuta yanapita pembeni yake. Mara nyingi hutokea baada ya kazi kama yako: ukiminya leva hadi mwisho, mipira inapita sehemu ya silinda ambayo haijawahi kufikiwa, yenye kutu na tope, inachanika. Ndiyo maana nawaambia vijana waweke kipande cha mti chini ya leva ili isishuke hadi mwisho.

Nunua kiti ya masta, yaani seti ya pistoni na mipira yake, ya modeli yako. Silinda ikiwa na mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, badilisha masta nzima. Usiifute kwa msasa. Na usishuke mlima na hiyo, hata kama leo inashika.

Dereva_Mtulivu:
Na kichupa kilichobaki? Nacho nimekitunza tangu mwaka jana.

SpanaMkononi:
Kilichofunguliwa tangu mwaka jana kimeshanywa unyevu, usikitumie kwenye breki. Mafuta ndani ya mfumo, badilisha kila baada ya miaka 2. Kwa njia ya milima, kila mwaka ni salama zaidi. Ya zamani yaweke kwenye chupa yenye alama, mbali na watoto, peleka gereji wanakokusanya oili chafu ila usiyachanganye nayo.

KijanaWaSoni, ukimaliza masta, rekebisha na dramu ya nyuma. Pedali icheze sentimita 2 hadi 3 kabla ya kushika. Kisha kandamiza breki hadi mwisho na utazame mshale kwenye mkono wa breki pale kwenye dramu: ukifikia alama ya mwisho, shuu (zinazobana ndani ya dramu) zimekwisha, usiendelee kukaza nati.