Naomba ushauri: rafiki yangu amekataa kuchangia chakula tulichokula Dotonbori

Mpangaji wa Sakai
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni Mtanzania ninayesoma Osaka, Japani, kwa mwaka wa tatu sasa. Wiki hii nimetembelewa na marafiki watatu niliosoma nao sekondari Tanga, na Jumanne jioni niliwapeleka Dotonbori, mtaa wa migahawa na maduka hapa Osaka. Tulianza na takoyaki, yale madonge ya unga yenye kipande cha pweza ndani, tukayala tumesimama kando ya mfereji huku yakituunguza midomo. Tukazunguka madukani hadi yalipofungwa, kisha tukaingia izakaya (baa ya Kijapani yenye chakula) moja ya uchochoroni na kuagiza kushikatsu, mishikaki ya nyama na mboga iliyokaangwa kwa chenga za mkate, ambayo kila mtu huichovya mara moja tu kwenye sosi ya pamoja. Saa saba usiku tulipanda treni kurudi kwangu. Bili ilikuwa yeni 14,000, nami nikailipa yote kwa makubaliano kwamba kila mmoja angenirudishia 3,500. Wawili wamenipa. Wa tatu, ambaye ndiye wa karibu zaidi, amekataa, na tangu siku hiyo hazungumzi nami ingawa analala chumbani kwangu. Anaondoka Ijumaa. Je, nimdai au ninyamaze?

Mama Mwantumu
Mwanangu, mimi nimezaliwa Tanga, na sijapata kuona mwenyeji anayemletea mgeni hesabu ya chakula. Mtu amevuka bahari kuja kukuona, nawe unamhesabia mishikaki! Samehe hizo fedha, umpikie chai asubuhi, na mzungumze.

Abu Nasra
Mimi niko Nagoya, na kilichonishtua ni hicho chakula chenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikula rameni, tambi za Kijapani zenye mchuzi, kwa miezi miwili, nikiusifu mchuzi wake mweupe mzito, mpaka Mjapani mwenzangu wa maabara aliponieleza kwamba mchuzi huo, tonkotsu, ni wa mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Nililia siku ile. Mliuliza kushikatsu ile ilikaangwa kwa mafuta gani? Huenda rafiki yako alilijua hilo akiwa amekwisha kula.

Karani Mstaafu
Ndugu zangu, mtu hamnunii rafiki wa utotoni kwa yeni 3,500. Kijana, umeandika kwamba mlizunguka madukani, lakini hukusema mlinunua nini. Mlinunua nini, na kwa jina la nani?

Mpangaji wa Sakai
Abu Nasra, sote wanne ni Wakristo, kwa hiyo si suala la nguruwe. Karani, nilinunua kamera ya yeni 120,000 kwa fedha zangu mwenyewe. Kwa kuwa mimi ni mkazi na siruhusiwi kununua bila kodi, rafiki yangu alitoa pasipoti yake, nami nikaokoa yeni 12,000. Sasa anataka aondoke na kamera hiyo, au nimpe fedha za kodi. Nimekwisha kuahidi kupiga picha za mahafali Jumamosi, na sioni aliyeumia: kamera ni yangu, fedha ni zangu, na alikubali mwenyewe mbele ya wenzetu.

Karani Mstaafu
Anayeumia ni yeye. Msamaha ule wa asilimia 10 hutolewa kwa mgeni kwa sharti kwamba bidhaa itoke nchini, na hairuhusiwi kumkabidhi mtu mwingine ndani ya Japani. Duka hutuma kumbukumbu kwa njia ya kielektroniki pamoja na namba ya pasipoti, na forodha ikimkagua Ijumaa bila kamera, kodi hiyo atadaiwa yeye. Udanganyifu wa namna hii ndio uliofanya Japani iamue kwamba kuanzia Novemba 2026 mnunuzi alipe kodi dukani kwanza, kisha arudishiwe akishathibitisha kwamba anaondoka na bidhaa. Mpe hizo 12,000.

Jirani wa Namba
Naona tunampotezea muda mtunzi wa hadithi. Nimeishi Osaka miaka sita, na treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Hiyo treni ya saa saba haipo. Kama safari ya kurudi imebuniwa, kwa nini niamini pasipoti na kamera?

Mama Mwantumu
Na mimi nilikwisha kumwonea huruma! Mwanangu, tujibu ukweli.

Mpangaji wa Sakai
Hadithi si ya kutunga. Treni haikuwapo. Tulirudi kwa teksi, na yeye ndiye aliyelipa yeni 5,200 peke yake. Sikuiandika kwa sababu nilijua mngeijumlisha.

Jirani wa Namba
Basi naijumlisha. Ukizigawa kwa wanne, kila mmoja ni 1,300, nawe unamdai 3,500 ilhali yeye anawadai ninyi watatu 3,900. Aliyenuna ana haki, na hapo bado hatujaigusa kodi.

Karani Mstaafu
Ijumaa msindikize hadi uwanja wa ndege wa Kansai. Aende kaunta ya forodha kabla ya kuulizwa, aseme kwamba bidhaa haimo mizigoni, alipe kwa fedha zako. Usimwache aende peke yake.

Mpangaji wa Sakai
Nimemwonyesha uzi huu wote. Ameusoma kimya hadi mwisho, kisha akaniuliza kama risiti ya kamera bado ipo. Ipo.